Kwato za Mzee Mwikwabe

Kila jioni kule Machochwe, Mzee Mwikwabe hukagua kwato za ng'ombe wake mmoja mmoja. Miguu yake mwenyewe ilishinda ndani ya buti za mpira, masika na kiangazi, mpaka vidole vikaanza kumwasha. Nesi Bupe alipomwambia ni fangasi, mzee akafoka.

"Mbona ng'ombe wangu wanakanyaga tope hilohilo na hawana?"

"Ng'ombe wako, baba, hawavai buti."

Mkewe, Wegesa, alicheka mpaka akakaa chini.

Dawa ilimponya. Sasa, ili fangasi wasirudi, jioni buti huanikwa juu ya nguzo za zizi, na mzee, akishamaliza ng'ombe, hunawa miguu na kukausha katikati ya vidole kwa kitambaa. Kitambaa kikimtekenya, huukaripia mguu:

"Tulia wewe! Wenzako wote wametulia."