Virusi Vilipozoea Yai

Siku yangu ya kwanza kazini sikukabidhiwa darubini. Mkuu wa Maabara, mzee wa Kinyarwanda aliyesomea Kifaransa, aliniingiza kwenye chumba chenye giza, akaniwekea yai kiganjani na kunipa taa ndogo.

"Madamu, angalia. Hii yai iko hai ama imekufa?"

Nililimulika. Mishipa myekundu ilikuwa imetanda kila upande, na katikati kijidoa cheusi kilitikisika. Nikasema liko hai.

"Basi karibu kazini. Lakini usichoshe yeye na taa."

Ninyi vijana mnaotengeneza chanjo kwa mashine huenda hamjui kwamba chanjo ya mafua ililelewa ndani ya mayai. Kazi yetu hapa Kigali ilikuwa ya utafiti. Tulichukua makamasi ya wagonjwa wa mafua, tukatafuta virusi humo na kuviotesha, tuone kama vinafaa kuwa mbegu ya chanjo. Virusi havikui pasipo na uhai, kwa hiyo tulitumia yai ambalo kifaranga kimeanza kuumbika. Unatoboa tundu dogo, unapitisha sindano, unaziba, unalirudisha kwenye kiatamizi, yaani kabati la joto. Baada ya siku chache unalipoza, unakata ganda juu na kunyonya maji yanayokizunguka kifaranga. Virusi vimo humo tele, kama Mungu amejalia na mkono wako haukutetemeka.

Mayai yalitoka kwa mfugaji mmoja upande wa Kabuga. Kuku wake walitengwa na ndege wengine wasipate mafua, maana kinga ya kuku hupita hadi kwenye yai na kuvimaliza virusi. Niliyapakata garini njia nzima, roho mkononi kila tulipopita kwenye tuta, na wenzangu wakaniita Mama Mayai. Nilijidai kuchukia. Mkuu alipofungua kabati kila asubuhi aliyasalimu, "Mwaramutse," ile salamu ya Kinyarwanda ya kumwuliza mtu kama ameamka salama. Mwanzoni tulicheka. Baadaye sote tukawa tunayasalimu, na aliyesahau alirudishwa mlangoni.

Nakitamani chumba kile mpaka leo. Natamani joto lake, harufu yake ya maganda, hata ukali wa Mkuu mtu alipofunga mlango kwa kishindo.

Mkuu alipostaafu, nafasi yake ilishikwa na Mtafiti Mkuu, daktari mwanamke aliyekulia Uganda. Alikuwa na heshima, na hakuzungusha maneno.

"Mama Zuhura, mimi niko na wasiwasi na mayai yako."

"Yamekukosea nini, Daktari?"

"Virusi ikikaa kwa yai, inazoea. Inabadilika kidogo ifanane na kule. Sasa chanjo itafundisha mwili kupigana na virusi ya yai, na ile ya mtu itapita."

"Si kila mara."

"Sawa, si kila mara. Tupime ya kwetu. Na nataka wewe ndiye usome majibu, juu wewe utayatetea mayai kuliko sisi wote."

Nilielewa vizuri. Majibu yakiwa mabaya, chumba changu kinafungwa.

Kipimo chenyewe hufanywa kwenye sahani yenye vishimo. Unachanganya virusi na kinga iliyotoka kwenye damu, kisha unatia chembe nyekundu za damu. Kinga ikivitambua virusi inavifunga, nazo chembe zinazama na kuwa kifungo chekundu chini ya kishimo. Isipovitambua, virusi vinazinasa chembe, nazo zinabaki zimetawanyika. Kinga yetu ilikuwa imefundishwa na virusi vya mayai. Upande wa virusi vya mayai niliona vifungo safi, vimejipanga. Upande wa virusi vilivyotoka kwa mgonjwa yule yule lakini vikaoteshwa kwenye seli hai, bila yai, hapakuwa na kifungo hata kimoja. Nilirudia kipimo nikiomba nimekosea. Sikuwa nimekosea.

"Kinga haivitambui virusi vya mtu," nikamwambia Daktari. "Fungeni chumba."

Alinishika bega. Nililia chooni, nikanawa uso, nikarudi.

Baada ya hapo tulianza chanjo ya aina mpya, isiyohitaji virusi kuoteshwa. Unaupa mwili maelekezo tu, nao unajitengenezea kipande kidogo cha virusi na kujifunza kukitambua. Nilijifunza kazi hiyo na niliiheshimu, lakini asubuhi hapakuwa na wa kusalimiwa. Nilistaafu kabla chupa ya kwanza haijafika kwa watu.

Mwaka huu Daktari alinipigia simu: majaribio ya ile chanjo mpya yamefikia wazee, nami nikitaka niende. Nilikwenda kwenye kliniki moja Kimihurura. Muuguzi, binti mdogo, aliniuliza kuhusu homa, presha na dawa ninazotumia. Nilisubiri swali la mwisho. Kwa chanjo zote za mafua nilizozijua, muuguzi lazima aulize kama mayai yanakudhuru, kwa kuwa masalia yake hubaki ndani ya dawa.

"Basi mama, tumemaliza. Kunja mkono wa gauni."

"Hakuna swali lingine?"

"Oya, hakuna, mama. Ni hayo tu."

Machozi yalinitoka hata kabla ya sindano.

"Mwihangane, mama, vumilia," akasema, "haiumi sana."

Nikamwacha aamini kwamba nalilia sindano.