Penalti Iliyoingiliwa na Ng'ombe

Mtanicheka na mna haki, maana hata mimi nikiwakuta ng'ombe wamesimama kwenye barabara ya Haydom natazama pembeni kama mwizi aliyekutana na mwenye mali.

Nilikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, na likizo ile nilipata kazi ya ukarani wa mizani kwenye shamba moja la ngano la serikali kule Hanang. Kwa kuwa kijana wa Bashay aliyefika chuo kikuu alidhaniwa anajua kila kitu, nikapewa urefa wa mechi kati ya madereva wa shamba na wafugaji wa jirani. Mwaka huo nyasi zilikauka, na meneja alikuwa ameahidi kwamba wafugaji wakishinda, mifugo yao itaingia kula mabua ya ngano iliyokwisha kuvunwa. Madereva walicheza kwa ajili ya soda. Mzee Gidamis, ambaye ndama wake walishaanza kufa, aliitazama mechi ile kwa ajili ya zizi zima.

Filimbi niliisahau stoo. Ningeweza kuifuata (mwendo wa robo saa tu), lakini msomi asahau filimbi? Nikatangaza kwamba nitapiga mluzi kwa vidole. Sasa mimi tangu utoto najua mluzi mmoja, ule mrefu wa kuwaita ng'ombe majini, na kipindi cha kwanza haukuleta neno, ila kipindi cha pili akina mama wa wafugaji wakaja kushangilia wakiwa wameswaga kundi lote, lina kiu tangu asubuhi.

Dakika za mwisho, timu zikiwa sare bao moja kwa moja, Safari, dereva wa kombaini na kepteni wetu, akaushika mpira kwa mikono miwili mbele ya goli lake. Penalti! Nikajaza kifua hewa, nikapiga mluzi ambao mama yangu angeusikia Bashay.

Ng'ombe wakainua vichwa, wakanitazama mimi, wakaja.

Nilikimbia wakanifuata, nikakata kona nao wakakata (mpiga mluzi ndiye anayejua maji yaliko), nikarukia mwamba wa goli, mwamba ukavunjika, nikaanguka nao huku kaptula imepasuka nyuma yote, na kundi likanipita hadi kwenye mabua yaliyopakana na uwanja na kuanza kula.

Watu walicheka hadi wakakaa chini. Meneja hakucheka. "Mechi imekwisha! Toeni ng'ombe wenu!"

Mzee Gidamis akachukua fimbo yake, akaanza kuwageuza. Nikamwendea nimeshika kaptula kwa nyuma.

"Shikamoo, mzee. Nisamehe."

"Marahaba," akajibu bila kunitazama.

Ndipo Safari aliposema, "Bosi, hawa hawakuvamia. Wameitwa, tena na karani wako."

"Wewe Safari uko timu gani?"

"Ya shamba. Lakini mpira niliushika kweli, na kipa wetu yule hata gunia la ngano hadaki. Hesabu bao."

"Wee! Mimi sidaki?" kipa akafoka, na meneja akajaribu kukunja uso, ukamshinda.

"Waacheni wale mabua," akasema. "Ila refa huyu arudi kwenye mizani!"

Walikula mabua yale mpaka mvua ziliporudi. Namshukuru Safari, aliyekubali kushindwa ili wengine wapone, na namshukuru mzee Gidamis, ambaye kesho yake alinifuata kwenye mizani na kibuyu cha maziwa.

"Kunywa, kijana. Ila siku nyingine ukiwaita ng'ombe wangu, uwe na maji."

Nilikunywa chote. Tangu hapo nikisahau kitu nasema nimesahau, hata mbele ya darasa zima, na mluzi sijapiga tena, hata bafuni.