Saa ya Jjajja na Mkwe Aliyeingia Kinyumenyume

Ilianza Jumamosi, saa tisa na dakika ishirini alasiri, jjajja alipokula kete ya mwenzake kwenye ludo akaipiga meza kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kushoto ndio uliokuwa na saa.

Mama yangu ni mpishi katika nyumba ya kutunzia wazee huku Lubaga. Tulitoka Kongo mashariki nikiwa mdogo, na tunaishi chumba kimoja nyuma ya jiko. Niko sekondari, mwaka wa tatu. Shuleni siongei. Sauti inapanda vizuri tu, inafika kooni, inakaa hapo. Mwalimu akiniuliza swali, darasa zima linageuka kuangalia kama leo itatoka.

Jjajja si bibi yangu wa damu. Ni Mganda, mmoja wa wazee wa hapa, na huku kila bibi ni jjajja. Aliuza samaki Ggaba miaka mingi, na wateja wake wengi walikuwa Wakongo, kwa hiyo ana Kiswahili cha sokoni, kelele nyingi na sarufi kidogo. Ukimtoa mama, ndiye mtu pekee ninayemaliza naye sentensi. Kitanda chake kiko karibu na mlango wa veranda. Akiamka, ludo ile pale.

Saa hizo waliletewa wazee wote mwezi uliopita. Zinapima moyo, zinahesabu hatua, na mtu akianguka zinalia kama kifaranga kilichokanyagwa, kisha zinatuma ujumbe kwenye simu ya Sista na simu ya mtu wa familia. Sista ni muuguzi mkuu, mama wa Mombasa, mtu mwema anayetembea kwa kasi. Mkanda wa saa anaufungua yeye tu. Kuna mzee mmoja anaamini saa ikizima na yeye atazima, kwa hiyo anashinda kwenye soketi na chaja yake kama mtu anayelinda ng'ombe.

Binti yake jjajja anafanya kazi Uarabuni. Namba iliyosajiliwa, basi, ni ya mume wa binti. Mkwe. Sista hakuona tatizo lolote hapo.

Saa ikalia. Kile kishindo cha meza ilikihesabu kuwa ni kuanguka. Sista akaja mbio, akamkuta jjajja anacheka na kete mkononi. Mambo yangeishia hapo. Lakini kule mjini simu ya mkwe nayo ilikuwa imesema mama mkwe ameanguka, na yeye akampigia mkewe, na mkewe akalia kutoka Uarabuni kwamba nenda ukamwone kwa macho yako. Baada ya muda kidogo bodaboda ikasimama getini, akashuka baba mmoja mnene amevaa kofia ya pikipiki yenye kioo cheusi. Hakuivua. Aligeuka, akatupa mgongo, akaanza kuingia kinyumenyume.

Nilidhani ni mwizi asiye na uzoefu.

Jjajja aliuona ule mgongo akaujua. Sijawahi kuona mtu wa umri wake akitoweka vile. Aliruka kutoka kwenye kiti akajitupa chini nyuma ya tangi la maji, na mimi niliyekuwa nachota maji pale akanivuta gauni.

Saa ikalia.

"Mutoto, inama! Yeye kwisha ingia?"

"Nani, jjajja?"

"Mume ya binti yangu! Mimi hapana ona yeye, yeye hapana ona mimi. Hiyo ni mwiko. Tukigusana, mikono yangu itatetemeka mpaka kaburi."

Upande wa pili wa tangi, simu ya mkwe nayo ikalia mfukoni: ameanguka tena. Mkwe akashtuka, akaongeza mwendo, bado kinyumenyume, akakanyaga beseni la mihogo ya mama. Jjajja akasikia hatua zinakaribia, akatambaa hadi nyuma ya banda la kuku, akajibwaga. Saa ikalia. Simu ikalia. Uarabuni wakapiga.

"Nambie tu kama anapumua!" mkwe akapiga kelele ndani ya kofia, akiongea na ukuta.

"Napumua!" jjajja akajibu kutoka kwa kuku, halafu akajifunika mdomo, maana kumjibu moja kwa moja nako hakufai.

Wale bibi wa ludo walikuwa wameacha mchezo, wanafuta machozi kwa vitenge. Mmoja alipiga vigelegele kila mara saa ilipolia.

Jioni, mkwe akiwa ameshaondoka, Sista akatuita veranda. Kwenye kioo cha tableti yake, jina la jjajja lilikuwa jekundu kutoka juu hadi chini.

"Jamani, mtu anaanguka hivi na nyinyi mwacheka? Kesho asubuhi namhamishia chumba cha ndani. Kile kitanda chenye vyuma pembeni."

Kicheko kikakatika. Chumba cha ndani ni cha wale wasioamka. Hakina dirisha la kuona mtu. Tangu tuje hapa sijaona aliyeingia mle akarudi veranda.

"Na mkwewe nimemwita aje akubali," Sista akaendelea. "Tena sijapenda tabia yake. Mkwe gani huyo anakuja anasimama na ukuta? Kwetu mkwe akija anaingia, anabusu mkono wa mama mkwe, anakaa, anapewa chai. Nitawaweka meza moja, waangaliane, waongee."

Nikamfuata jjajja kitandani. Nikamwambia, mweleze Sista.

"Wewe kichaa? Nikisema, atasema ni ushamba, aje atushikanishe mikono. Unamujua huyu." Alikuwa anakunja vitenge vyake kimoja kimoja, anavitia kwenye mfuko wa plastiki. Kete yake nyekundu aliitia humo pia. "Basi. Huko ndani nitalala. Mutu akilala haanguki."

Nilimwambia mama. Mama akasema, "Ukweli unaujua wewe, mweleze wewe. Mimi niko na maharage motoni." Nikaenda ofisini kwa Sista. Nikasimama mlangoni. Sauti ikapanda, ikafika kooni.

"Vipi mwanangu? Chumvi imeisha?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Akanipa chumvi. Nikarudi jikoni na pakiti ya chumvi ambayo hatukuihitaji, mama akaniangalia, akaiweka juu ya zile nyingine mbili.

Asubuhi, Jumapili, kengele za kanisa zinaita watu, Sista alikuwa ameshatandika veranda: meza, viti viwili vinavyotazamana, chupa ya chai, vikombe. Jjajja alikuwa chini ya kitanda chake. Saa ililia alipoingia huko, kwa hiyo mkwe alikuja mapema kuliko alivyoitwa. Akaingia getini na kofia yake, kinyumenyume, polepole, mkono mmoja nyuma akipapasa hewa.

"Baba, geuka bwana! Mama mkweo yuko ndani, namleta," Sista akasema, akamshika mkono.

"Nakuomba, Sista. Nakuomba sana," mkwe akasema. Alikuwa anatetemeka tayari, na hata hajagusa mtu.

Nilikuwa nimesimama kando ya kamba ya nguo. Shuka la kile kitanda cha vyuma lilikuwa limeanikwa alfajiri ile, bado linachuruzika maji. Nikalivuta. Nikaenda katikati ya viti viwili, nikalinyanyua kwa mikono yote miwili mpaka likanifunika uso. Sikumwona Sista. Sikumwona mtu yeyote. Niliona weupe tu wenye harufu ya sabuni, na sauti ikatoka.

"Sista, haanguki. Anajificha. Kwao mkwe na mama mkwe hawaonani. Simu inamwita mkwe, mkwe akija jjajja anajitupa chini, saa inalia, simu inamwita tena. Weka namba ya mama yangu."

Nikasikia vitenge vinaburuzika sakafuni, na kiti cha upande wa kulia kikalalamika kwa uzito. Baadaye kidogo, kiti cha kushoto.

"Muulize," jjajja akasema upande wa kulia, "binti yangu anakula vizuri huko?"

"Anauliza kama mkeo anakula vizuri," nikasema upande wa kushoto.

"Mwambie anakula, amenenepa. Na muulize kama aliumia," mkwe akasema.

"Goti tu, jana, nyuma ya kuku. Mwambie alete dawa ya kuchua. Na mihogo ya watu alipe!"

Bibi wa ludo wakaanza upya kucheka. Chai ikamiminwa upande mmoja, kisha upande wa pili. Saa ilikuwa kimya. Mabega yaliniuma, maji ya shuka yakaniteremkia kwenye viwiko.

"Basi mwanangu, nimeelewa," Sista akasema karibu na sikio langu. "Kitanda nitampa mwingine. Shusha sasa, utachoka."

Upande wa kulia bado kulikuwa na mtu anapuliza chai yake.

"Bado, Sista," nikasema.