Kompyuta Inayolala Mferejini

Ipo programu moja inayouliza maswali kuliko mimi. Nilikutana nayo Iringa, kwenye duka la kompyuta kuukuu ninakofanya kazi tangu nimalize chuo. Ukitaka kujenga upya kerneli, yaani kile kiini cha mfumo kinachokaa katikati ya programu na vyuma vya mashine, programu hiyo inakuhoji kwanza. Unataka kifaa hiki kitambuliwe? Unataka mashine iweze kulala? Ikilala, kumbukumbu zake zibaki kwenye umeme au ziandikwe kwenye diski? Unajibu ndiyo au hapana, unakwenda swali linalofuata, na maswali hayaishi.

Mimi niliwahi kutolewa nje ya mafundisho ya kipaimara kwa kuuliza nani aliyehesabu wanyama wa safina. Kwa hiyo nilipokaa mbele ya programu ile nilijisikia nimefika kwa ndugu zangu.

Sababu ya kukaa mbele yake ilikuwa goti la mama.

Mama yangu ni mgawa maji wa mfereji wetu kule Ubaruku. Kazi haina mshahara, ni ya kuaminiwa tu. Kila asubuhi mgawa maji anakwenda langoni, pale mfereji unapoanzia mtoni, kuangalia mti uliosimikwa majini, mweupe chini na mwekundu juu. Maji yakigusa nyekundu, zamu mbili zinafungua pamoja. Yasipogusa, inafungua moja na wengine wanangoja. Akishaona, ndipo anapowapigia simu wenye zamu. Kanuni yenyewe ni ya zamani kuliko chama cha mfereji: maji yasiyoonwa hayagawiwi. Hugawi kwa kukisia wala kwa kusimuliwa, maana mtu akikosea kule juu, mpunga wa watu wa mkiani, mfereji unakoishia, ndio unaokauka.

Goti lake la kulia lilianza kuvimba, na kufika langoni ni kupita juu ya kingo za majaruba ya mpunga, nyembamba na zenye utelezi. Alikuwa anakwenda hivyo hivyo, na fimbo. Watu waliona. Kikao cha chama cha kabla ya kupandikiza mpunga kikawekewa jambo moja la kuzungumza: mgawa maji mpya. Jina lililotajwa ni la jirani yetu, mzee mmoja ambaye familia yake ilihamia Usangu na ng'ombe kutoka kaskazini. Ana pikipiki, na kwake ni karibu na lango.

Nilimuuliza mama kwenye simu kama isingekuwa nafuu kumwachia.

"Mwanangu," alisema, "mimi nikiamka asubuhi nina pa kwenda. Wewe unataka niamke niangalie kuku?"

Nikaacha kumshawishi, nikaanza kutafuta namna ya kumletea ule mti nyumbani.

Mwenye duka letu ni Mwislamu mtu mzima, mjukuu wa mfanyabiashara aliyepanda kutoka Pwani. Kiswahili chake kimenyooka kiasi kwamba changu kikisimama kando yake kinaonekana kimevaa viraka. Nyuma ya duka ana rundo la mashine anazoziita marehemu. Nikamwomba laptop moja ndogo yenye kioo kilichopasuka. Kamera yake ilikuwa nzima.

"Utaifanyia nini, binti?"

"Nitaiweka kwenye kibanda cha lango. Ipige picha ya ule mti asubuhi, imtumie mama kwenye simu."

"Umeme?"

"Paneli ya sola na betri ya gari."

"Na masika?"

Swali lilikuwa lenyewe hasa. Mwezi ule mvua zilikuwa zinanyesha milimani, bondeni tunapata mawingu tu. Laptop ikikesha macho na betri iliyochoka, saa sita mchana imeshazimika. Ilibidi ilale muda wote, iamke, ipige picha, itume, ilale tena. Mfumo uliokuwamo ulikuwa mzito na haukujua kulala vizuri. Ndiyo maana nikaamua kuijengea kerneli yake, nyepesi, isiyo na kitu hata kimoja ambacho sikuelewa kazi yake.

Jioni moja nilijibu maswali yale nikiwa na furaha ya kufanya usafi. Kicheza sauti? Hapana. Mashine ya kuchapishia? Hapana. Prosesa ipunguze kasi ikikosa kazi? Ndiyo. Mashine iweze kulala na kumbukumbu zake zikiwa kwenye umeme? Ndiyo, hilo ndilo nililokuja kulitafuta. Kisha nikaulizwa kuhusu saa ya ndani, ile inayoendelea kutembea hata kompyuta ikiwa imezimwa. Nikajiuliza: ya nini, wakati mtandao unanipa saa sahihi kila ninapounganisha? Hapana.

Mwenye duka alipita na kikombe cha chai ya tangawizi, akachungulia.

"Mbona hapana nyingi?"

"Nakataa nisichokihitaji."

"Haya. Mimi mke wangu alikataa kabati, sasa nguo ziko juu ya viti."

Nilijenga kerneli, nikailaza mashine, nikagusa kitufe. Ikaamka palepale. Nikailaza tena, nikagusa tena. Nilifurahi mwenyewe. Ijumaa nikateremka Ipogolo kusubiri basi la Mbeya, mashine mapajani kama kuku wa zawadi.

Tuliifunga kibandani mimi na mama, yeye akitoa amri akiwa amekaa juu ya mbao za lango. Tukatoboa tundu la kamera ukutani. Paneli tukaipandisha kwenye bati. Asubuhi iliyofuata tulikaa jikoni simu ikiwa mezani, na haikuingia picha yoyote. Nikaenda langoni. Mashine ilikuwa imelala.

"Vipi?" mama aliuliza niliporudi.

"Imelala."

"Si ndivyo ulivyotaka?"

"Imelala vizuri mno. Haiamki."

Alicheka hadi akashika goti. Baadaye, nikiwa nimekaa kibandani na kioo cha kompyuta nilichoazima, niliiona hapana yangu. Saa ya ndani ndiyo inayobaki macho mashine ikilala. Ndiyo inayogonga mlango muda ukifika. Kule dukani nilikuwa naiamsha kwa kidole changu, na mferejini hakuna kidole. Jambo hili limeniudhi kwa namna nzuri tangu siku hiyo. Kuuliza "ya nini?" ni swali halali, lakini nilikuwa nalijibu kabla sijamaliza kuliuliza.

Nikajenga tena, saa nikaipa ndiyo yake. Asubuhi ya pili picha ikaja. Mti, maji ya kahawia, kipande cha anga. Mama aliishika simu mbali na macho, akaitazama kwa muda, kisha akawapigia watu wa zamu kama kawaida. Uji wangu siku hiyo uliwekewa karanga.

Mchana mashine ikafa. Betri ilikuwa tupu.

Nikasoma kumbukumbu zake za matukio. Ilikuwa imeamshwa asubuhi nzima, na si na saa. Ilikuwa modemu, kile kifaa chenye laini ya simu kinachotuma picha. Kampuni ya simu ilikuwa inaitumia ile laini meseji zake: ndugu mteja, leo ni zamu yako kushinda; ndugu mteja, usipitwe. Kila meseji ikiingia, kompyuta yangu inaamka kibandani, inawasha kila kitu, inangoja maagizo ambayo hayapo, halafu ndipo inalala. Nani mwingine duniani anaiamini ile meseji kiasi cha kuamka?

Kwenye mfumo huu kila kifaa kina faili lake dogo linalosema neno moja tu: kinaruhusiwa kuamsha au hakiruhusiwi. Modemu nikainyima. Paneli ya kugusa, ile ya kusogezea mshale kwa kidole, nayo nikainyima, maana nilikuta sisimizi juu yake. Ikabaki saa peke yake. Nikarudi Iringa, na wiki nzima mama akawa ananitumia kila picha aliyoipata, kama vile mimi ndiye ninayelima.

Nilirudi tena siku tatu kabla ya kikao. Jirani yetu alikuja jioni kumsalimia mama. Hawa wawili wamejitengenezea utani wao ambao hakuna kabila linaloudai.

"Kamwene, mtani," alisema, akijitahidi kuitoa salamu ya kwetu. "Nasikia siku hizi maji unayaangalia kwenye televisheni."

"Na wewe ng'ombe zako ziangalie huko huko, zitoke kwenye jaruba langu."

"Ng'ombe zangu zina adabu. Jaruba lako ndilo linalozifuata." Akanigeukia. "Injinia, hebu nionyeshe."

Nikampa simu. Aliangalia picha ya asubuhi, akarudi kwenye ya jana, akarudi ya juzi.

"Hizi zote ni moja."

"Hapana, baba. Maji yalikuwa usawa uleule."

"Nitajuaje? Mashine ikiganda, ikamtumia mtani wangu picha ya juzi, yeye atafungua zamu mbili na maji ni ya zamu moja. Kanuni inasema ayaone. Kuona ni sasa. Akiniambia ameyaona juzi, nitamwelewa?"

"Kwa hiyo wewe unaitaka kazi yangu," mama alisema.

"Mimi nataka maji. Kazi yako ina simu nyingi." Akasimama, akachukua kofia yake. "Lakini kikaoni nitauliza hivihivi. Nisipouliza mimi, watauliza wa mkiani."

Alipoondoka nilikuwa na hasira, na chini ya hasira nilikuwa na wivu. Lile lilikuwa swali langu. Nilipaswa kuliuliza mimi.

Picha inayokuja yenyewe kwa saa yake ni habari tu. Ili mama aweze kusema ameona, ilibidi awe na uwezo wa kuangalia wakati anaotaka yeye. Maana yake modemu irudishiwe ruhusa, na kwa mlango huohuo warudi na ndugu mteja wote. Nilikaa kibandani kutwa nzima nikiandika upya. Modemu inaruhusiwa kuamsha. Mashine ikiamka, kabla haijawasha kamera, inauliza swali moja: nani? Ikiwa namba ni ya mama, inafanya kazi. Ikiwa ni mwingine yeyote, inarudi kulala palepale. Nikaipunguzia na mambo mengine yaliyokuwa yanachelewa kwenda usingizini. Kesho yake, kulikuwa na mawingu asubuhi hadi jioni, na betri ikabaki na nguvu.

Mama tangu zamani analala hivyo. Malori ya mpunga yanapita usiku barabarani, hasikii. Maji ya mfereji wa nyuma ya nyumba yakipungua, anaamka na kuketi kitandani. Niliwahi kumwambia kwamba hilo haliwezekani, kwamba anasimulia zile siku alizopatia tu. Bado nadhani nina haki ya kushuku.

Kikao kilikaa kwenye ghala la mashine ya kukoboa, watu wamekalia magunia, vumbi la pumba likielea. Mwenyekiti alipotaja jambo la mgawa maji, jirani yetu alisimama na kuuliza swali lake neno kwa neno kama alivyoahidi. Watu wa mkiani wakaitikia. Mama mmoja kutoka huko, jembe lake likiwa limeegemezwa ukutani, alisema hata yeye anayo picha ya harusi yake, lakini hiyo haimaanishi anaolewa leo. Ghala zima lilicheka, na mimi pia.

Mama akasema, "Mtani, panda pikipiki yako nenda langoni. Simama kwenye mti. Fanya kitu ambacho mimi hapa siwezi kukijua."

"Kitu gani?"

"Nikikijua itakuwa nini?"

Akaenda. Tulisikia pikipiki ikififia kuelekea mtoni. Mwenyekiti alingoja kwa muda aliouona unafaa, kisha akamwambia mama aanze. Mama akaandika meseji ya neno moja, picha, kwa kidole cha shahada, polepole, watu wawili wakichungulia mabegani kwake. Akatuma.

Nilikuwa naifuata kichwani. Modemu imepokea. Imeamsha. Inauliza nani. Kamera inafunguka. Nikaanza kukumbuka kila hapana niliyowahi kuijibu.

Simu ikalia. Mama akaiinua.

"Ndugu mteja," alisoma kwa sauti, "leo ni zamu yako."

Vicheko vilikuwa bado havijaisha ilipolia tena.

Kwenye picha jirani yetu alikuwa amesimama ndani ya maji hadi magotini, mikono kiunoni kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti, kofia haipo, na juu ya kichwa chake ameweka kobazi lake moja la tairi. Simu ikapita gunia kwa gunia. Watu walikuwa wanafuta machozi. Mwenyekiti, ambaye huwa hacheki, aliomba aione mara ya pili. Yule mama wa mkiani aliitazama kwa makini kuliko wote, akasema, "Haya, huyu ni wa leo. Jana alikuwa na akili."

Simu iliporudi kwa mama, yeye hakucheka. Aliiweka mbali na macho, akaikuza picha kwa vidole viwili, akamsukuma jirani yetu na kobazi lake pembeni hadi wakatoka kwenye kioo, ukabaki mti na maji.

"Nyekundu haijaguswa," alisema. "Tunafungua moja. Zamu ya nani?"

Hakuna aliyekumbuka kupiga kura ya mgawa maji mpya. Yule mama wa mkiani alisimama, akajipangusa pumba, akachukua jembe lake.

"Yangu," alisema, akatoka.