Konokono Nisiotaka Waishe

Mama mzima mimi, nimeaibishwa na konokono. Mume wangu alipoenda kufanya kazi Qatar, aliniachia tangi lake la samaki hapa Kericho. Konokono wakajaa, wakatoboa mimea yake. Akanifundisha kwa simu: usiku tumbukiza jani la sukuma wiki, asubuhi litoe na konokono waliolipanda.

Tangu hapo, kila jioni anapiga video kuwaulizia. Nachuma chai siku nzima nikingoja hiyo simu. Je, wakiisha, atapiga kwa nini? Basi namwonyesha waliojaa kikombeni, akikata nawarudisha majini.

Jana nilidhani amekata. Nikamwaga kikombe nikinong'ona, "Rudini, msinikoseshe simu yake."

Simu ikanijibu, "Mama Chebet, umebakisha mmoja kwa kikombe. Mrudishe pia."