Kidonge cha Baba na Chungu cha Ukweni

Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyenifikisha umri wa kuitwa babu na kuniachia kumbukumbu zangu. Sifa ni zake yeye anayeponya kwa neno lake, na anayeponya pia kwa mikono ya watu aliowapa maarifa.

Nakumbuka siku moja, mjukuu wangu, asubuhi ya ukungu hapa kwetu Keza. Baba yangu Zabron alikuwa amekaa kwenye kigoda na kidonge cheupe kiganjani, hakimezi wala hakitupi. Mimi nilikuwa kijana, nimevaa shati jipya, maana siku hiyo tulikuwa tunakwenda Bukiriro kuniombea mke.

Nikueleze kwanza habari ya kidonge. Baba alikuwa mlevi. Simsemi kwa dharau, na yeye mwenyewe alitaka tuseme hivyo. Alianza na pombe ya ndizi kama wanaume wenzake, akafika kwenye gongo, hadi ikawa asubuhi hawezi kushika jembe kwa kutetemeka mpaka apate kikombe. Tulimwombea sana. Aliacha mara nyingi, akarudi mara nyingi. Safari moja aliacha ghafla nyumbani, akaanguka kwa degedege, nasi tukadhani ni mashetani. Tukamkimbiza hospitali. Alilazwa hadi mwili ukatulia, ndipo daktari akampa vidonge vya kumeza kila asubuhi, akatuonya sote: dawa hii na pombe hazikai katika mwili mmoja. Akionja hata kidogo, uso utawaka, moyo utakwenda mbio, atatapika, na anaweza kufa. Wala asidhani akiacha leo kesho yuko salama, kwa sababu dawa hubaki mwilini siku nyingi.

Baba alikubali. Miezi ikapita, akarudi kupalilia migomba yake.

Sasa mila yetu ilikuwa hivi. Waliokwenda kuomba mke walibeba chungu cha pombe ya ndizi, na baba wa kijana ndiye aliyevuta mrija wa kwanza mbele ya wakwe, waone kwamba hakuna sumu. Asipovuta, chungu hakinyweki na neno la ndoa halisemwi.

Ndiyo maana baba mdogo Simeoni alikuwa amesimama mbele yake asubuhi ile.

"Kaka, kiweke hicho leo. Vuta mrija mara moja tu, mtoto apate mke, kesho uendelee na mambo yako ya hospitali."

Bibi yangu Sesilia, mama yao, alikuwa mlangoni anachambua maharage.

"Simeoni, siku daktari anasema wewe masikio uliyaacha wapi? Dawa ya jana bado imo ndani yake. Unataka kumwua ndugu yako kwa adabu?"

"Mama, watatucheka."

"Wacheke, meno ni yao. Huyu kijana akikosa mke Bukiriro atapata Murukulazo. Mimi nikimkosa Zabron, nitamzaa tena kwa tumbo gani?"

"Lakini hata kanisani wapo wanaosema mwenye imani hana haja ya vidonge."

Bibi aliweka ungo chini. Hakuwa mtu wa kupaza sauti.

"Bwana Yesu alitema mate, akafanya tope, akampaka kipofu machoni. Alishindwa kusema neno tu? Kama tope lilifaa, kidonge kina dhambi gani? Zabron, meza."

Baba akameza. Nami nilikata tamaa, maana nilimpenda Yustina, binti tuliyekuwa tunakwenda kumwomba, na nilijua tunakwenda kufukuzwa.

Bukiriro walitupokea vizuri, wakatukalisha. Msemaji wa upande wa binti alikuwa mzee Laurenti, mtu wa maneno mengi. Akakitazama chungu chetu.

"Haya, wageni. Hiki kimekuja kwa miguu yake, au kina mwenyewe? Mwenyewe avute."

Baba alisimama, akavua kofia.

"Wazee wangu, pombe ilinishinda. Ninatibiwa. Dawa niliyomeza asubuhi hairuhusu hata tone. Nikivuta mrija huu mtanibeba kwa machela. Naomba mdogo wangu aonje kwa niaba yangu."

Wakaangua vicheko.

"Mwanaume mzima anakatazwa na kidonge!" mmoja akasema. "Sisi tunakatazwa na wake zetu, na bado tunakunywa."

Mzee Laurenti hakucheka. "Tunaoza kwa baba, hatuozi kwa mdogo wake. Kama baba mtu anakiogopa chungu chake, sisi tukinywe kwa nini? Kibebeni."

Tukakibeba. Kilikuwa kizito kurudi kuliko kwenda. Karibu na nyumbani baba akasema, "Mwanangu, nimekukosesha mke." Nikamjibu tu, "Twende nyumbani, baba."

Siku chache baadaye akaja mtu kwa miguu, peke yake. Alikuwa mzee Paulo, baba yake Yustina, ambaye siku ile hakufungua kinywa. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama, akamwomba baba watembee migombani. Baba ndiye aliyenisimulia baadaye. Mzee yule alificha mikono ndani ya koti, na alipoitoa ilikuwa inatetemeka. Akauliza, "Zabron, huko hospitali, hawakukucheka?"

Baba alimsindikiza mwenyewe hadi hospitali. Na mzee Paulo alipotuita tena Bukiriro, chungu chetu kilijaa maji ya ndizi yaliyokamuliwa siku hiyohiyo, matamu, hayajachachuka. Baba akavuta mrija wa kwanza, mzee Paulo wa pili. Mzee Laurenti alinung'unika kwamba leo wazee wamenyweshwa kama watoto, kisha akaomba aongezewe. Yustina ndiye bibi yenu.

Mjukuu wangu, wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Ulevi ni ugonjwa, na ugonjwa una dawa. Siku hizi ziko dawa za kupunguza hamu ya pombe. Kule mijini wako vijana waliozama kwenye heroini wanaokunywa dawa kila siku kliniki na kurudi kazini. Na wanaotaka kuacha sigara nao wana dawa za kuwasaidia. Usimwambie mtu wa namna hiyo kwamba amebadilisha ulevi kwa ulevi. Usiache pombe ghafla peke yako kama mwili umeizoea. Nenda kwanza kwa wataalamu. Usimtilie mlevi dawa kama ile ya baba kwenye chakula kwa siri, akinywa pombe utamwua. Ukiteleza, rudi, maana kuteleza si kuanguka. Wala usidhani kidonge kinafanya kazi yote: baba ilimbidi abadili njia ya kurudi nyumbani, aepuke vilabu, na asali kila siku. Na wewe unayekaribisha wageni, usimlazimishe mtu kunywa ili kuonyesha heshima. Mila ambayo haiwezi kungoja mgonjwa apone, iache ingoje yenyewe.

Mungu wa rehema akutie nguvu wewe unayesoma haya, akuondolee aibu ya kuomba msaada, akupe wa kukuambia "meza" siku utakayosita, na aitulize mikono yako. Amina.