Mwalimu Aliyenililia Kahawa Yangu

Uvumilivu wangu ulikwisha pale mwalimu mstaafu alipoanza kulia. Alikuwa amesimama mbele ya wafungwa, kofia mkononi, akiigiza mtu aliyeibiwa. "Ooo, kahawa yangu! Jasho langu!" Kuigiza alijua, sikatai, hata askari wa mlangoni alisikitika. Tatizo ni kwamba kahawa ile ilikuwa yangu, nami nilikuwa pale pale, chaki mkononi na mwanangu mgongoni.

Darasa lilikuwa la watu wa parokia. Tulikwenda gerezani kwa kujitolea, kuwasaidia wafungwa waelewe makosa yao yaliwaacha watu katika hali gani. Mimi nilichukuliwa kwa kuwa nilimaliza kidato cha nne na mwandiko wangu ubaoni ulisomeka. Nilikubali kwa sababu yangu mwenyewe: mwizi wangu alikuwa humo.

Alikuwa rafiki wa mume wangu, kijana wa Ruanda, kijiji cha jirani. Ugali wangu ameula sana, na vichanja nilivyoanikia kahawa alivijua. Soko la kahawa ndiyo kwanza lilikuwa limefunguliwa. Zamani kahawa ilikwenda ushirika, na karani alijua kila shamba. Sasa wanunuzi binafsi walikuja na pikapu hadi mlangoni, wanapima, wanalipa, hawaulizi umeitoa wapi. Shemeji akabeba magunia yangu asubuhi, mchana yalikwishauzwa.

Mahakamani mlalamikaji akaandikwa baba mkwe, eti shamba ni lake. Siku ya wizi mzee huyo alikuwa Mkumbi kwenye pombe! Na miti ile ya bondeni, iliyokuwa imemezwa na magugu, alinipa mwenyewe niifufue, nivune. Kuchuma, kumenya, kuosha, kugeuza juani, nilifanya mimi na tumbo langu kubwa.

"Acha kulia, mzee!" Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Shikamoo, lakini acha. Hujaibiwa wewe."

Wafungwa wakaangua kicheko.

"Mama, kaa chini," askari akasema.

"Sikai, afande. Nina swali." Nikamgeukia mwizi. "Shemeji, uliiba kahawa ya nani?"

"Ya mzee wenu."

"Ulipokuwa unakuja kula kwangu, pale vichanjani ulikuwa unamkuta nani?"

Akakuna kichwa. "Wewe, shemeji. Na tumbo."

"Na tumbo lenyewe leo limekuja kutusalimia!" akadakia mfungwa mmoja wa nyuma, mvuvi wa kule ziwani. Mwanangu akaamka, akawatazama wote, akapiga chafya. Kicheko tena, na mimi nikajikuta nacheka.

Halafu nikawaambia kahawa ile ilikuwa blanketi, niiuze nimnunulie mtoto. Mwezi wa saba Mbinga baridi inaingia mpaka kwenye mifupa. Mtoto alipozaliwa nilimfunga khanga na koti la baba yake, akakohoa mpaka mvua za kwanza. Shemeji akatazama miguu yake.

"Sikujua ni ya mtoto."

"Hukuuliza."

"Sikuuliza," akakubali. Akasimama bila kuagizwa. "Shemeji, nimekukosea wewe. Wewe na huyo mdogo. Nikitoka, blanketi nitalileta mkononi mwako."

Nilikuwa nimeingojea kauli hiyo tangu siku ya wizi. Mwalimu akavaa kofia yake, akaniagiza niandike ubaoni: aliyekosewa ni baba mkwe, fidia apelekewe yeye.

"Mkuu wa kaya ni yeye, binti. Ndiyo taratibu. Na wiki ijayo usije na mtoto. Afadhali upumzike kabisa."

Nikamwachia chaki yake. Nikaenda moja kwa moja kwa mkuu wa gereza kuomba karatasi.

"Unamlalamikia mfungwa?"

"Hapana, afande. Mfungwa tumeelewana. Namlalamikia mwalimu."

Akacheka mpaka akafuta machozi, lakini kalamu alinipa. Niliandika nimesimama, mtoto akiivuta: kwamba darasa la kuwafundisha wezi waliyemkosea ni nani, lenyewe halimjui; kwamba aliyeibiwa aitwe aseme mwenyewe, awe mke, awe binti, awe na mtoto mgongoni; na kwamba blanketi lile likiletwa kwa mtu mwingine, nitahesabu nimeibiwa mara ya pili. Nikatia sahihi kwa jina langu, si la mume wala la baba mkwe, na sikuondoka mpaka mkuu alipogonga muhuri.